Nepia ya Mstari wa Nne

Tangu nirudi Kinangop, kila anayepita mlangoni kwangu ana salamu moja tu: "Vipande viko wapi?" Hakuna anayeuliza kama nililala, kama nilikula, wala kwa nini nimekonda. Niliondoka na vipande arobaini vya nyasi ya nepia, nimerudi na vinne, na hivyo vinne viko ndani ya debe la maji nyuma ya jiko langu, na simruhusu mtu avipande. Najua mmeanza kunong'ona kwamba jua la ziwani limenichoma ubongo. Basi kaeni niwasimulie mara moja, halafu mniache.

Kwa wale waliogawiwa mashamba juzi na hawajui mwanzo wake, nitaanzia mbali kidogo. Miaka minane tulikuwa pale kituo cha nyasi tukitafuta nepia isiyokufa kwa baridi. Nepia ya kawaida ni chakula kizuri cha ng'ombe, inarefuka kumpita mtu, lakini jalidi ikishuka, ile barafu nyembamba ya alfajiri, asubuhi unaikuta nyeusi kama imepikwa, na ng'ombe wanabaki kukutazama wewe. Kwa hiyo tulichanganya nepia na ndugu zake wa milimani, tukapanda mistari, jalidi ikaua, tukapanda tena, ikaua tena. Mwaka wa sita ukabaki mstari mmoja tu wenye ukijani, wa nne kutoka mfereji. Wa saba ukabaki kijani. Wa nane Bwana Mtaalamu, mkubwa wetu, alifurahi hata akatangaza kwamba anarudi kwao Ulaya, na kituo kikaingizwa katika mashamba ya kulimwa na kugawanywa.

Mpango wa mwisho wa Bwana ulikuwa mzuri kama mipango yote ya mtu anayefunga masanduku. Nepia yetu haifi kwa baridi, lakini kwenye baridi haina haraka. Basi ipelekwe kwenye joto, iongezeke msimu mmoja, kisha irudishwe mpate wote. Shamba la joto lilikuwa la Zakaria, yule nyapara wetu wa zamani aliyerudi kwao Rodi Kopany, Nyanza ya Kusini. Mpelekaji akawa mimi, kwa sababu nimezaliwa Mombasa, na Bwana aliamini kwamba mtu wa Mombasa akipelekwa mahali pa joto hawezi kupotea.

Kila mmoja wenu ana ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mmoja au wawili, na Julai inakuja na jalidi yake. Hilo nililijua nikiwa njiani, kila siku. Msifikiri nilikuwa natembea.

KINANGOP HADI RONGO, AMBAKO MZIGO HAUKUSHUKA

Nilifunga vipande kwa magunia mabichi, nikavitia maji, nikapanda basi Jumanne. Kila mtu alinihakikishia kwamba njia ni rahisi: Nakuru, Kericho, Kisii, unashuka Rongo, unakata kulia, Rodi Kopany hiyo. Walisema kweli. Rongo tulifika Jumatano alasiri. Mimi nilishuka, mzigo haukushuka. Ulikuwa juu ya basi, na juu yake walikuwa wamepanga vitanda viwili vya chuma, cherehani, na kabati la bibi harusi.

"Teremsha mzigo wangu," nilimwambia utingo.

"Uko chini ya kabati."

"Teremsha kabati kwanza."

"Kabati inakwenda Migori."

Alilisema hilo kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwamba jua huzama. Nikarudi ndani, nikaenda Migori kusindikiza kabati.

MIGORI, AMBAKO SIKUWA NA SHUGHULI

Kabla ya kuingia mjini kulikuwa na kizuizi. Siku hizo kulikuwa na ugonjwa wa ng'ombe upande ule, na afisa mmoja kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri alikuwa akikagua kila kitu kilichowahi kupita karibu na ng'ombe.

"Hii nyasi inatoka wapi?"

"Kinangop."

"Inakwenda wapi?"

"Rodi Kopany."

"Rodi Kopany umeiacha nyuma."

"Najua, afande."

"Sasa hapa umekuja kufanya nini?"

Nilimweleza habari za kabati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri sana, akaamua kwamba nyasi iwekwe chini ya uangalizi siku moja ionekane kama itaugua. Basi vipande vyangu vikalazwa kwenye kibanda chao vikalindwa na askari. Alhamisi nzima nilikwenda kuvitazama mara nne kama mtu aliye na mgonjwa wodini, na mara zote askari aliniambia hali ni nzuri.

Aliyeniokoa siku ile alikuwa mama mmoja Mkuria, Boke, mfanyabiashara wa wimbi kutoka Ntimaru, ambaye magunia yake nayo yalikuwa yamezuiliwa. Alinipa uji wa wimbi kwenye kibuyu, mzito, wenye uchachu kidogo, na mpaka leo sijui kama nilimshukuru vya kutosha. Kisha akauliza nina nini mle kibandani.

"Nyasi, mama. Ya kupanda."

Aliweka kibuyu chini. "Unatoa nyasi mbali hivyo na basi?"

"Ndiyo."

"Kwetu Ntimaru nyasi inaota yenyewe. Tunaomba iache."

Nikamwelezea baridi, jalidi, ng'ombe wa gredi, miaka minane. Alitingisha kichwa kwa huruma, si kwa nyasi, kwangu mimi. Lakini alikwenda akazungumza na yule askari Kikuria, akaingia kibandani, akatoka amekasirika. Magunia yalikuwa yamekauka, alisema, na hakuna aliyeyatia maji, kwa sababu amri ilikuwa kulinda, si kunywesha. Akakata maganda mabichi ya mgomba nyuma ya kibanda, akavifunga vipande upya, akamwaga maji ya kunawa juu yake. Kama si yeye, safari ingekwisha Migori na ningewaletea kuni.

Ijumaa asubuhi nyasi ikatangazwa nzima. Lori la kwenda Rongo lilikuwa linaondoka saa sita. Nami saa sita nikaona msikiti mdogo karibu na maduka, na Kinangop, mnajua, sijaswali Ijumaa na watu tangu nifike. Niliwaza: Mungu hawezi kunipitisha mbele ya mlango wake na mimi nikapita tu. Niliswali, roho ikatulia, lori likaondoka. Nililopata baadaye lilinifikisha Rodi Kopany saa kumi na moja na nusu jioni. Ile saa moja na nusu niliyoipoteza nitaikumbuka.

RODI KOPANY: IJUMAA YANGU, JUMAMOSI YAO, JUMAPILI YA WENGINE

Zakaria nilimkuta langoni, ameoga, amevaa shati jeupe. Amenenepa kidogo, na sauti yake ya nyapara ameigeuza kuwa ya mzee wa kanisa. Yeye ni Msabato siku hizi, na si Msabato wa viti vya nyuma.

"Karibu, omera," akaniambia, neno lao la kumwita rafiki. "Lakini umekuja saa mbaya."

"Saa mbaya vipi? Jua bado liko."

"Liko, lakini linakwenda. Ikizama, Sabato imeingia. Hakuna jembe kwa hii boma mpaka kesho jioni."

"Basi nipe jembe nipande mwenyewe. Mimi Mwislamu, Sabato hainihusu."

"Amri imetaja mgeni pia."

"Mgeni naye?"

"Mgeni, na ng'ombe."

Kwa hiyo Jumamosi tulipumzika sote watatu, mimi, Zakaria na ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi aliyetoka naye huku Kinangop, mweusi na mweupe, anayehema kwenye joto lile kama mama mjamzito sokoni. Chakula kilipikwa Ijumaa kikaliwa Jumamosi: nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, na samaki. Kuhusu nguruwe tulielewana mara moja, tukafurahi kama ndugu. Chai ndipo tulipoachana. Zakaria hanywi chai wala hapiki chai, kanisa halipendi, na mimi ni mtu ambaye asubuhi bila chai sijui jina langu. Nilikunywa maji ya moto na maziwa, nikasikiliza kwaya, na vipande vyangu vilikuwa vimesimama kwenye tope la chemchemi, vinasubiri kama mimi.

Nikatazama mashamba. Mvua zilikuwa zimeanza, kila jirani mahindi yake yametokeza kidole. Shamba la Zakaria lilikuwa limelimwa vizuri, laini, tupu. Nilifurahi sana. Nilisema moyoni, tazama heshima ya rafiki, ameacha hata mahindi yake ili nepia yetu ianze. Kumbukeni hayo, maana nitayarudia kwa aibu.

Jumapili alfajiri nilikuwa nje na jembe. Zakaria akatoka polepole.

"Leo huna Sabato," nikamwambia.

"Mimi leo niko huru kabisa. Lakini vibarua ni Wakatoliki. Wako misa."

"Tupande sisi wawili. Vipande arobaini, Zakaria. Ni kazi ya kabla ya chai." Nikakumbuka hakuna chai.

Alikubali, akasema angoje kwanza anoe jembe. Alilinoa mpaka saa nne. Kisha akakumbuka mpini umelegea. Akaenda kuutafutia kabari, akarudi jioni.

Jumatatu vibarua wanne walifika. Walitoa salamu, wakakalia mipini ya majembe yao, wakatazama shamba. Mimi nilitazama vipande. Majani ya juu yalikuwa yamekunjamana, na kwenye vitatu au vinne fundo lilikuwa limekauka.

"Haya, tuanze," nikasema.

Hakuna aliyesimama.

"Zakaria, waambie waanze."

"Hawa wanafuata mambo ya kizamani," akasema Zakaria kwa sauti kubwa, ili wasikie. "Mimi nimebatizwa. Mimi hayo nimeacha."

"Vizuri. Basi chukua jembe uanze wewe."

Akatazama jembe. Akatazama mbali, upande wa barabara. "Ngoja kwanza," akasema, akaenda kuona ng'ombe.

Aliyenieleza ni mke wake, Dorka, nyuma ya jiko, kwa sauti ya chini, kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kusema mwenyewe. "Shemeji, mikayi hajafungua mbegu." Mikayi ndiye mke wa kwanza. Yeye ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini kila msimu, kisha wengine wanafuata. Zakaria alikuwa na wake wawili. Alipobatizwa akaambiwa abaki na mmoja, akabaki na Dorka, mdogo. Mkubwa akarudi kwa kaka yake Rusinga. Lakini tangu hapo, kila msimu, Zakaria huenda mwenyewe Rusinga kimyakimya, mama yule anakuja kama anayekuja kusalimia wajukuu, anapanda mstari mmoja wa mahindi, anarudi kwao. Kanisa halijui, au linajua. Msimu huu Zakaria alipata cheo kanisani, akaona haya kwenda. Akamtuma mhazini wa kanisa apite kumwambia aje kusalimia wajukuu. Mikayi akakataa kuja.

"Na mkipanda bila yeye?"

"Chira," akasema Dorka. "Mtu anakonda mpaka anaisha, na daktari haoni ugonjwa."

"Lakini Dorka, hii ni nyasi."

"Inapandwa na jembe?"

"Ndiyo."

"Kwa mstari?"

"Ndiyo."

"Basi ni mbegu."

Ndiyo hapo nilipojua kwamba shamba lile tupu halikuwa heshima kwangu. Nilikasirika, sitaki kuficha. Miaka minane ya jalidi imeshindwa kuiua nepia ile, sasa inakwenda kufa kwa sababu ya mume na mke wasiosalimiana. Nikasema nitamfuata mimi huyo mikayi. Dorka akakubali haraka mno, nikajua alikuwa akingoja nitamke hivyo.

"Usimwendee mikono mitupu," akasema. "Huwezi kumwita mtu apande bila kumwonyesha mbegu." Akanichagulia vipande kumi vilivyo bora. Thelathini tukaviacha chemchemini, tukavizungushia miiba.

HOMA BAY, NILIPOPATA CHAI NA CHEO

Homa Bay nilifika jioni, nikaingia mkahawa wa kwanza wenye birika. Nilikunywa vikombe vinne bila kusema neno. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wananitazama. Wanatazama kofia yangu, wanasikia Kiswahili changu, wanatazama bunda la vijiti vibichi nililoliweka kitini kama mtu.

"Unatoka Mombasa?" mwenye mkahawa akauliza.

"Kwetu Mombasa, ndiyo."

"Na hizo?"

"Ni nyasi tu."

Akawageukia wenzake akatikisa kichwa kwa heshima. Mganga wa kweli, nadhani alikuwa akisema, hasemi alichobeba. Kabla sijalipa chai, mzee mmoja alikuja kunieleza mgongo wake. Nilimwambia mimi si mganga. Akasema anaelewa. Mama mmoja akaleta habari za binti yake aliyeposwa mara tatu. Nilimwambia hii ni chakula cha ng'ombe. Akauliza binti aichemshe au aitafune. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniheshimu, na mwenye mkahawa akakataa malipo ya vile vikombe. Nililala nimekumbatia bunda, maana yule mzee wa mgongo alikuwa ameomba kijiti kimoja tu, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyekubali kukataliwa.

Jumanne lori la samaki lilinipeleka Mbita. Lilikuwa tupu, lakini harufu ilikuwa imebaki kusimamia kazi. Kati ya Mbita na Rusinga ni mkondo mwembamba, mtu akiita upande huu anaitikiwa upande ule. Niliwaambia wenye mtumbwi wasijisumbue kunishikilia, mimi ni mtoto wa bahari. Katikati ya mkondo nilitapika. Waliniangalia kwa adabu kubwa, na mmoja akauliza kama bahari yetu ina maji.

RUSINGA

Mikayi nilimkuta shambani kwa kaka yake, anapalilia. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Ni mama mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha sokoni alichokiokota Homa Bay, na kila neno analitumia kama ameligharimia. Nilimwita mama, nikatoa salamu zote ninazozijua.

"Zakaria amekutuma?"

"Hapana, mama. Nimejituma."

"Yeye mguu inauma?"

"Mguu hauumi."

"Basi." Akarudi kupalilia.

Nilikaa kwenye ukingo wa shamba. Nilikuwa nimechoka, tumbo langu bado liko mkondoni, na nilitaka kulia. Nikafungua ganda la mgomba, nikatoa vipande, nikamwambia yote: baridi, jalidi, ng'ombe wenu, kituo kinachofungwa. Nikamwambia kwamba vikifa hivi na vile vya chemchemini hakuna vingine duniani, kwa sababu nilijua trekta linakwenda kulima ule mstari wiki hiyohiyo. Mwishoni akaacha jembe, akachukua kipande kimoja, akakwaruza fundo kwa ukucha. Ndani kijani.

"Hii alipanda nani?"

"Bwana Mtaalamu. Mzungu wetu."

"Alishika jembe?"

"Bwana? Hapana. Alikuwa anaandika."

"Mimi nauliza nani alipanda. Mkono ya nani iliweka hii kwa udongo, siku ya kwanza."

Jibu nilikuwa nalo, ila katika miaka minane hakuna aliyewahi kuuliza. Ni Nyokabi. Nyinyi mnamjua. Alfajiri, jua halijatoka, nepia inapotoa maua, Nyokabi ndiye aliyekuwa akivika vichwa vya maua mifuko ya karatasi, akikung'uta unga wa ua hili juu ya ua lile, akifunga uzi, akiandika kwa kuchora alama kwa sababu hajui kusoma. Mbegu alizipanda yeye, moja moja. Ule mstari wa nne alikuwa akiufunika kwa magunia yake mwenyewe mwaka wake wa kwanza, Bwana alipokuwa likizo. Bwana alikuwa na gumbuti, viatu vya mpira. Mimi nilikuwa na gumbuti. Nyokabi alikuwa akikanyaga jalidi kwa miguu mitupu, visigino vimepasuka, na nilimwona kila siku, na kila siku nilimwuliza tu kama mifuko imetosha. Kituo kilipoanza kufungwa, alikuwa wa kwanza kuambiwa langoni asije kesho.

Haya yote nilimwambia mama yule. Alisikiliza akiwa amesimama, jembe mkononi.

"Kwa hivyo huyo mmemfukuza," akasema, "na nyasi yake mnataka."

Sidhani alikuwa akizungumzia Nyokabi peke yake. Niliona aibu, na ile aibu nimerudi nayo, haikupungua njiani.

Akainama, akachimba mashimo sita mwishoni mwa shamba lake, akatia vipande sita, akashindilia udongo kwa kisigino. Hakuharakisha wala hakuomba dua. Kisha akafunga vinne vilivyobaki, tope ndani, ganda la mgomba nje, akanirudishia.

"Rodi Kopany siendi. Mwambie Zakaria mbegu nimefungua, lakini nimefungua kwangu. Akitaka ya kwake, njia anajua. Na hii nne peleka kwa huyo mama. Aanze yeye. Mtu mwingine akitangulia, baridi ikikula, msiniulize."

Aliniita nile kabla ya kuondoka. Samaki mzima, ugali, na kando yake birika la chai. Nilimwambia nilidhani kanisa linakataza.

"Kanisa ilibaki na Dorka," akasema, akanimiminia.

RODI KOPANY TENA, KWA DAKIKA CHACHE

Zakaria hakuwa langoni. Alikuwa chemchemini, amesimama mbele ya miiba iliyosukumwa kando. Thelathini vyote vilikuwa vimeliwa. Ng'ombe wa gredi alikuwa amesimama pale, tope mdomoni, akitafuta kama kuna vingine.

"Alikula bila kuinua kichwa," Zakaria akaniambia taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Mpaka mizizi."

Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa kwa kicheko. Miaka minane, jamani. Tuliipima nepia ile urefu, unene, upana wa jani, baridi ya alfajiri na ya saa moja. Hatukuwahi hata siku moja kumpa ng'ombe aonje. Sasa tumejua ng'ombe anaipenda, na mpimaji ametafuna ushahidi.

Nikampa ujumbe wa mikayi, neno kwa neno. Usiku ule nilimsikia Zakaria akimwambia Dorka amtolee koti. Alfajiri alipanda baiskeli akashika njia ya Homa Bay, amevaa koti la kanisani, amefunga mkungu wa ndizi nyuma. Dorka alisimama mlangoni akimtazama, nikaona anatabasamu. Sikungoja kuona mwisho. Wale vibarua wanne walikuwa bado wamekalia mipini.

KINANGOP, NYUMA YA JIKO LANGU

Nilifika Ijumaa. Trekta lilikuwa limeshapita. Mstari wa nne, mfereji, yote ni udongo mweusi uliopinduliwa, na Bwana alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Kwa hiyo nepia isiyokufa kwa baridi iko mahali pawili duniani: Rusinga kwenye joto, sita, na kwenye debe langu, vinne. Mkinikuta nimekaa nyuma ya jiko na fimbo, sababu ndiyo hiyo.

Jumapili nilikwenda kumtafuta Nyokabi. Yuko kwa binti yake kwenye mashamba mapya, juu kule karibu na msitu. Nilibeba kipande kimoja kimefungwa vilevile. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alikifungua, akakwaruza fundo kwa ukucha, mahali palepale alipokwaruza yule mama, akasema, "Ni ya mstari wa nne."

Nikamsimulia. Aliposikia habari ya ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Aliposikia habari ya Rusinga hakucheka.

"Huyo mama alianza yeye?"

"Alianza yeye, kwake. Amesema hapa uanze wewe."

Alikifunga kipande tena akanirudishia. Akasema Jumatatu hawezi, ana viazi. Jumanne hawezi. Atakuja Alhamisi. Na mimi, niliyelaani kabati, askari, Sabato, misa na mikayi kwa kunichelewesha, nilisema Alhamisi ni sawa kabisa.

Gumbuti zangu nimeziosha, ziko mlangoni, na nadhani zitamtosha. Basi Alhamisi njooni wote na majembe yenu, shamba ni hili langu, na vikishika kila mtu atapata vyake zamu kwa zamu. Mkifika kabla yake, msiguse lile debe. Kaeni, chai ipo.